Chati nasoma mpaka mstari wa mwisho, je niko salama na presha ya macho?

Swali la dada mmoja: "Daktari shikamoo. Mama yangu ana miaka 61, mwezi uliopita kaambiwa ana presha ya macho, jicho la kushoto limebaki na mwanga kidogo sana, la kulia linaona. Kapewa matone ya kuweka kila usiku, kaweka wiki 3 akaona hakuna kinachobadilika akaacha, na sasa kuna mtu anamwambia kuna unga wa mizizi unatia jichoni unasafisha. Mama ana pumu pia. Mimi nina miaka 38, nilipimwa presha ya macho kazini nikaambiwa 17, na chati nasoma mpaka mstari wa mwisho kwa macho yote. Je mimi niko salama? Na mama akifanyiwa leza au oparesheni jicho la kushoto litarudi? Nina mtoto wa miaka 6 pia, nimuwahishe?"

Marahaba dada, na pole sana kwa mama. Ntajibu yote ila sio kwa mpangilio ulioandika, maana kuna kimoja hakisubiri.

Ni hiyo pumu. Chukua chupa ya matone ya mama usome jina la dawa yenyewe, sio lile jina kubwa la kampuni, lile la maandishi madogo chini yake, na kama chupa ina dawa mbili kwa pamoja soma yote mawili. Ukikuta jina linaloishia na "lol", yani familia ya timololi, mama asiirudie kabisa mpaka aongee na daktari wake. Tone la jichoni halibaki jichoni, linateremka kwenye kile kitundu kidogo cha kona karibu na pua, linaingia puani, linanyonywa kwenda kwenye damu, na dawa za familia hiyo zinabana njia ya hewa kwa mtu mwenye pumu na pia zinapunguza mapigo ya moyo. Nimeshakutana na wagonjwa wamehangaika na kifua miezi na miezi na hakuna aliyewauliza kama wanaweka kitu machoni, na wenyewe hawakusema kwasababu watu hawahesabu matone kama dawa. Kwa kuwa umesema anaweka mara moja tu usiku, mi nahisi ni latanoprosti au ndugu zake, na hizo kwa watu wengi wenye pumu hazina shida, ila bado daktari ajue. Na kama ana pampu ya pumu yenye steroidi, yani dawa ya kutuliza uvimbe, asiiache, aitaje tu kwa daktari wa macho.

Unga wa mizizi hapana. Nasema hapana bila kuzunguka, hata kama anayeupendekeza anampenda mama kwa moyo wote. Ugonjwa wa mama uko nyuma ya jicho, kwenye neva inayobeba picha kwenda kwenye ubongo, hakuna uchafu wa kusafisha pale mbele. Unga utakachofanya ni kukwaruza konea, kile kioo cha mbele, kikwaruzo kiingie wadudu, kiwe kidonda, kidonda kiache kovu jeupe. Mama amebakiwa na jicho moja linaloona, sio la kufanyia majaribio.

Sasa tuje kwenye kile kilichomfanya aache dawa, maana ndio hicho hicho kinachokufanya na wewe ujione uko salama. Mama aliweka matone akasubiri aone vizuri zaidi, wiki 3 hakuna, akasema haisaidii, na kwa akili ya kawaida yuko sawa, dawa ya kichwa ukimeza kichwa kinaacha kuuma, dawa ya kikohozi unaacha kukohoa. Glakoma, ndio jina la ugonjwa wa mama ambao watu wanauita presha ya macho, haiko hivo. Dawa yake haitakufanya ujisikie chochote siku yoyote, ikifanya kazi vizuri kabisa matokeo yake ni kwamba hakuna kinachobadilika, jicho linabaki lilivyo mwaka huu na mwaka kesho na miaka 10 mbele. Yani ile "hakuna kinachobadilika" aliyoilalamikia mama ndio tunayoitafuta. Inaniuma kwasababu wagonjwa wengi wanaondoka kliniki na chupa mkononi bila mtu kuwaambia sentensi hii moja, alafu wanarudi baada ya miaka miwili wanashikwa mkono na watoto wao.

Ndani ya jicho kuna maji yanatengenezwa muda wote na kutoka muda wote kupitia kichujio kidogo kilichoko kwenye kona, pale ambapo ile sehemu ya rangi inakutana na konea. Kichujio kikilegea kazi, maji yanatoka kwa shida na presha inapanda, hii haina uhusiano wa moja kwa moja na ile presha ya damu, unaweza kuwa na moja bila nyingine na dawa ya moja haitibu nyingine. Presha ile inaibana neva pale inapotokea nyuma ya jicho. Neva ina nyuzi zaidi ya milioni moja na zinakufa taratibu, kwa kawaida zikianza na zile za pembeni, na uzi ukishafa haufufuki. Kwahiyo jibu la swali lako kuhusu jicho la kushoto, nalisema mapema ingawa ni gumu: hapana, halitarudi, sio kwa leza, sio kwa oparesheni, sio kwa pesa yoyote. Hapa watu wengi wanachanganya na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni lenzi imechafuka, inatolewa inawekwa nyingine na mtu anaona, basi jirani akifanyiwa hiyo akafunguka macho, mwenye glakoma anaenda na matumaini yale yale. Sio ugonjwa mmoja. Lakini kile chembe cha mwanga kilichobaki kushoto kinalindwa, na jicho la kulia ndio hasa tunalolipigania.

Utauliza inakuwaje mtu apoteze jicho zima bila kujua. Fanya hiki kitu sasa hivi, chukua karatasi nyeupe, chora alama ya msalaba kushoto na doti nyeusi kulia, ziachane kama sentimita 8. Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, kwa jicho la kulia tazama msalaba tu usiuache, alafu sogeza karatasi taratibu mbele na nyuma, kwenye umbali wa kama sentimita 30 hivi doti itapotea. Angalia sasa kilichobaki pale ilipokuwa: sio giza, sio shimo, ni karatasi nyeupe safi. Pale ndipo neva inapoingilia jichoni, hakuna kinachoona, kila binadamu anayo sehemu hiyo, na ubongo unaijaza kwa kubahatisha kutokana na kilichopo jirani. Glakoma inaongeza sehemu kama hizo, moja hapa moja pale, na ubongo unazijaza zote kwa uaminifu ule ule, tena jicho la pili linafidia mapengo ya mwenzake. Mtu haoni weusi popote. Anaona ukuta uliokamilika ila mtoto anayepita pembeni hayumo.

Nilishawahi kumpokea baba mmoja mtu mzima, kaja kwasababu ya vumbi. Upepo ulimtia mchanga jicho la kulia, akalifumba kwa kidole, na ile dakika ndio akagundua la kushoto halioni. Alikuwa anaapa kwamba limepofuka siku hiyo hiyo kwa ule upepo. Nilipoangalia neva yake ya kushoto ilikuwa imeshakuwa nyeupe, imechimbika, kazi ya miaka mingi. Alikuwa anaendesha gari mpaka wiki hiyo.

Ndio maana chati haikuambii chochote, dada yangu. Chati ya herufi inapima katikati ya jicho, na katikati kwa kawaida ndio ya mwisho kuondoka. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho huku pembeni kote kumeshaliwa, kama anaangalia dunia kupitia bomba.

Na 17? Ni namba nzuri, sikutishi. Wengi wako kati ya 10 na 21, zile ni milimita za zebaki. Lakini ukipima watu wenye glakoma mara moja tu, kwa siku moja, karibu nusu yao wanaangukia chini ya 22, yani kipimo hicho peke yake kingewaambia waende nyumbani. Presha inapanda na kushuka ndani ya siku, mara nyingi inakuwa juu usiku umelala na alfajiri, wewe umepimwa saa ya kazi umekaa kwenye kiti. Alafu kuna konea: wenye konea nyembamba kipimo kinasoma chini kuliko ukweli, na waliorekebishwa macho kwa leza ili waache miwani wanaingia humo humo. Na wapo ambao presha yao kweli ni ya kawaida na neva bado inakufa. Na kinyume chake pia, kuna wenye 25 ambao neva zao nzima kabisa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 1,600 wenye presha juu ila bila glakoma, baada ya miaka 5 wasiopewa dawa walioingia kwenye ugonjwa walikuwa 9.5 kwa mia, waliopewa matone 4.4 kwa mia. Mi naisoma hivi: dawa inapunguza hatari zaidi ya nusu, ila pia wengi hawakuugua hata bila dawa, kwahiyo sio kila mwenye namba kubwa anakimbiliziwa chupa siku ya kwanza, anapimwa konea, anaangaliwa neva, anapimwa tena.

Wewe kilichokuweka kwenye foleni ni mama. Kuwa na mzazi au ndugu wa damu wa karibu mwenye glakoma kunapandisha hatari mara kadhaa, na kama una asili ya Kiafrika hatari iko juu zaidi na ugonjwa huwa unaanza mapema na kwenda kasi. Watafiti wa Baltimore, Marekani, mwaka 1991 walikuta Wamarekani weusi wanaupata mara 4 hadi 5 zaidi ya weupe. Umri unaongeza, kutoona mbali kwa kiwango kikubwa kunaongeza, jicho lililowahi kupigwa, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Na steroidi. Hii nataka uikamate vizuri kwasababu iko mikononi mwako. Kuna matone ya kuondoa mwasho na wekundu ambayo ndani yake yana deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, watu wanayanunua wenyewe wakiona macho yanawasha, yanatuliza vizuri sana, basi wanaendelea miezi, na chini kwa chini presha inapanda. Watoto wa wenye glakoma macho yao yanaitikia steroidi kwa kupanda presha kuliko watu wengine. Krimu za usoni zenye steroidi zikipakwa karibu na kope zinafanya hivo hivo. Wewe usiweke hizo bila daktari anayejua kwamba mama yako ana glakoma.

Kwahiyo nenda kapimwe, na ukifika usiseme "nimekuja kupima macho" maana utapimwa miwani. Sema "mama yangu ana glakoma, nataka neva zangu ziangaliwe." Watakutanua mboni kwa matone, utaona ukungu masaa machache, usiendeshe gari, na daktari ataangalia kile kishimo kilichopo katikati ya neva, nyuzi zikifa kishimo kinapanuka, na macho mawili yanalinganishwa. Ataweka lenzi ndogo inayogusa jicho kuangalia ile kona ya kichujio kama iko wazi au imejibana, hii wengi wanairuka, iombe. Pale penye skani ya neva itapima unene wa nyuzi kwa mikroni, hii ni tamu kwasababu nyuzi robo mpaka theluthi, hata zaidi, zinaweza kuwa zimekufa kabla kipimo cha uwanja wa kuona hakijaonyesha kitu. Hicho cha uwanja wa kuona ndio unakaa, kidevu kwenye mashine, jicho moja limezibwa, unatazama taa ya katikati na kubonyeza kitufe kila ukiona kinukta cha mwanga. Watu wanatoka humo wamekata tamaa, wanasema taa nyingi sikuziona, nimepofuka. Sikia, mashine inapunguza mwanga kwa makusudi mpaka ipate mpaka wako, kwahiyo hata mwenye macho mazima anakosa kama nusu. Usibahatishe, bonyeza unachokiona tu, na kama mara ya kwanza majibu ni mabaya rudia, mara ya kwanza watu wengi tunakosea. Ukiwa mzima kabisa hizo karatasi zitunze, ndio kipimo cha kulinganishia, na rudi kila mwaka au miaka miwili, hata siku umeona kila kitu vizuri.

Turudi kwa mama. Matone ya familia ya latanoprosti yanashusha presha kwa kama robo mpaka theluthi, na kila namba moja inayoshuka inapunguza hatari ya ugonjwa kusonga kwa kama asilimia 10, hiyo sio kidogo. Jicho litakuwa jekundu kidogo mwanzoni, kope zinaweza kurefuka, rangi ya jicho na ngozi ya pembeni inaweza kukolea. Muonyeshe namna ya kuweka, maana nikiwaambia wagonjwa waweke mbele yangu nusu ya matone yanaenda shavuni. Anawe mikono, alale chali au arudishe kichwa nyuma, avute kope ya chini itengeneze kimfuko, tone moja tu lidondoke mle bila chupa kugusa jicho. Moja linatosha, jicho halina nafasi ya la pili. Alafu afumbe taratibu bila kupepesa na abonyeze kwa kidole ile kona karibu na pua dakika mbili, hapo dawa nyingi inabaki jichoni na inayoenda kwenye damu inapungua. Kama ana chupa mbili za dawa tofauti asubiri dakika 5 kati yake. Chupa ikishafunguliwa aandike tarehe juu yake, nyingi za aina hii ni wiki 4 hadi 6 tu alafu inatupwa hata kama imebaki. Na akisahau usiku mmoja asiweke mara mbili kesho yake.

Ila mi ningekuwa mtoto wake ningeuliza pia kuhusu leza, tena mapema, sio kama kitu cha mwisho. Kwa glakoma ile ya kona iliyo wazi kuna leza inayopigwa kwenye kichujio dakika chache, mgonjwa amekaa, na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uingereza walilinganisha leza kwanza na matone kwanza, majibu yakatoka 2019, baada ya miaka mitatu karibu robo tatu ya walioanza na leza hawakuhitaji tone lolote. Na utafiti uliofanyika Kilimanjaro, Tanzania, uliotoka 2021, ulikuta baada ya mwaka mmoja leza imefanikiwa kwa asilimia 61 na timololi asilimia 31. Kwa mtu mwenye pumu na ambaye kaonyesha kwamba matone ya kila siku yanamshinda, hayo ni maongezi ya lazima. Nguvu ya leza inapungua baada ya miaka, inaweza kurudiwa, na sio kila jicho linafaa, kwahiyo kuipata sio ruhusa ya kuacha kliniki.

Oparesheni inakuja pale presha inapokataa au ugonjwa uko mbali, na kwa jicho lililoharibika sana inaweza kupendekezwa mapema. Inatobolewa njia mpya ya maji, yanakusanyika kwenye kilengelenge kidogo chini ya kope ya juu, au kinawekwa kimrija. Inashusha presha kweli, ina hatari zake pia: presha kushuka kupita kiasi, mtoto wa jicho kuja haraka, wadudu. Aliyefanyiwa hiyo akiona jicho limekuwa jekundu na linauma, hata baada ya miaka, aende siku ile ile. Na kuna aina nyingine kabisa ambayo kona inajifunga ghafla, jicho linauma vibaya, jekundu, kichwa kinapasuka, mtu anatapika, taa zinaonekana zina duara la rangi, watu wanatibiwa tumbo kumbe ni jicho. Hiyo ni masaa, sio kesho.

Mtoto wako wa miaka 6: glakoma ya utotoni ni ugonjwa mwingine, mara nyingi inajionyesha mwaka wa kwanza, macho makubwa kupita kawaida, machozi muda wote, kukwepa mwanga, konea yenye ukungu. Kama hana hayo na anaona vizuri darasani, apimwe macho kama mtoto mwingine yeyote, na ile sheria ya steroidi imhusu na yeye. Wanaotangulia kabla yake ni ndugu wa mama wa tumbo moja. Hao hatari yao ni kubwa hata kuliko yako, na kwa umri wao wapo pale pale mama alipokuwa anaona vizuri na jicho linaondoka. Wapigie simu wajomba na mama zako wakubwa na wadogo wiki hii, uwaambie wamwambie daktari ile ile sentensi ya neva.